Bwana Wanasema

Sisi watu wa Sumbawanga tuna ugonjwa mmoja usio na dawa hospitali: ugonjwa wa kujieleza. Ukifika Dar es Salaam ukataja unakotoka, yule uliyekuwa unacheka naye ananyamaza kwanza, halafu anacheka tena, lakini kicheko cha namna nyingine. "Sumbawanga? Aisee! Kule kwenye radi?" Basi hapo ndipo maelezo yanapoanza. Utamweleza kwamba kule kuna mahindi na maharage, kuna baridi ya mwezi wa saba inayomfanya mtu alale na sweta, kuna watu wanaodamka kwenda shamba kama watu wa kwingine kokote. Hasikii. Anasubiri umalize ili akuulize kama ni kweli mtu anaweza kukaa Sumbawanga akamtumia radi mdeni wake aliyeko Mwanza.

Mimi ni msichana wa Malangali, kata iliyo mjini pale pale Sumbawanga. Nilipokwenda kusoma Dar nilitafuta chumba cha kupanga huko Mabibo. Mama mwenye nyumba alinipokea vizuri, tukakubaliana kodi, hata maji ya kunywa akanipa. Kisha akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomjibu, chumba kikawa ghafla kimeshachukuliwa na mtu mwingine. Sikugombana naye. Nilimwuliza swali moja tu: "Mama, nani aliyekwambia kwamba sisi tuko hivyo?" Alifikiri kidogo, akainua mabega. "Si wanasema, mwanangu."

Wanasema. Tangu siku ile nimekuwa nikimtafuta huyu Bwana Wanasema. Nimemkuta kwenye daladala, kwenye vikundi vya WhatsApp, kwenye magazeti, na (hili ndilo lililonishtua) ndani ya kazi za wanafunzi wa chuo, amevaa suti na tai. Hana anwani, hana mwaka wa kuzaliwa, wala hajawahi kusimamishwa kizimbani akaulizwa alijuaje. Lakini neno lake linapokelewa kama noti halali.

Najua wenzangu wengi mkisikia neno "utafiti" mnapiga miayo. Mnadhani ni mambo ya maprofesa wenye miwani, au ni ile adhabu ya mwaka wa tatu ya kuandika kurasa sitini ili upate cheti. Kwangu mimi utafiti ni jambo la chumba cha kupanga. Mtu asiyeuliza habari imetoka wapi alininyima pa kulala.

Chukua jina la mji wetu. Utasoma mahali pengi kwamba Sumbawanga ni maneno ya Kifipa yenye maana ya "tupa uchawi". Nimeyasoma hayo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na mara nyingi mwandishi hasemi ameyatoa wapi. Hakuna mzee aliyetajwa, hakuna kitabu, hakuna mwaka. Mmoja kanakili kwa mwenzake, na mwenzake kanakili kwa mwingine, mpaka wingi wa nakala ukaonekana kama wingi wa mashahidi. Hapo, ndugu msomaji, naomba usimame kidogo. Watu kumi walionakili kwa mtu mmoja si mashahidi kumi. Ni shahidi mmoja na mashine ya fotokopi.

Sisemi maelezo hayo ni ya uongo. Hata nyumbani watu wanayasema. Ninachosema ni kwamba hata tukiyakubali, basi tuyasome vizuri. Kama jina linamwambia mgeni atupe uchawi wake kabla ya kuingia, huo ni mji wa watu wasioutaka uchawi. Anayelitumia jina hilo kuthibitisha kwamba sisi ni wachawi ameshindwa kusoma hata ushahidi wake mwenyewe. Ni kama mtu aone kibao cha "Vua viatu" mlangoni pa msikiti, halafu akatangaze mjini kwamba mle ndani wanauza viatu.

Na hizo radi? Mtu aliyefaulu jiografia ya kidato cha pili angejiuliza kwanza Ufipa iko wapi. Ni nyanda za juu, zimekaa kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, na mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Radi hupenda mahali palipoinuka. Lakini Bwana Wanasema hakusoma jiografia.

Mwaka wangu wa pili chuoni mwenzetu mmoja aliandika insha juu ya imani za jadi za kusini magharibi mwa Tanzania. Wafipa tulipewa aya nzima, na kila sentensi ndani yake ilianza na "inasemekana" au "inaaminika". Mhadhiri aliporudisha kazi, pembeni ya aya ile alikuwa ameandika neno moja kwa wino mwekundu: "Chanzo?" Mwenzetu alikasirika kweli. "Jambo ambalo kila mtu analijua nalo linahitaji chanzo?" Mimi nilitamani kwenda kumkumbatia yule mhadhiri. Alikuwa mtu wa kwanza nje ya Rukwa niliyemwona akimdai Bwana Wanasema kitambulisho.

Sasa tusije tukajidanganya kwamba ugonjwa huu uko Dar peke yake. Likizo moja nilikuwa nyumbani Malangali, akaja mtoto wa jirani yetu, yuko sekondari. Mwalimu aliwapa kazi ya kuandika historia ya mahali wanapoishi. Dogo alikuwa na kurasa nne safi, zimepigwa chapa na kubanwa pini huko steshenari, amelipia elfu mbili. Mnaijua biashara hiyo: unataja mada, kijana wa steshenari anabonyeza, anatoa, anabandika jina lako juu. Kudesa kwa zamani kulikuwa na jasho, angalau ulinakili kwa mkono wako. Siku hizi hata mkono haushiriki.

Nikaanza kusoma. Malangali ilianzishwa mwaka 1928. Mkuu wake alikuwa Mwingereza aitwaye Mumford. Alijaribu kuingiza mila za makabila katika masomo ya shule.

"Dogo," nikamwuliza, "hiyo shule iko mtaa gani hapa?"

Akatazama dirishani kana kwamba ingejitokeza. "Labda walibomoa, dada."

"Na huyu Mzungu, kuna mzee yeyote hapa aliyewahi kukutajia jina lake?"

"Hapana. Ila Google imesema."

Jamani! Malangali hiyo ni nyingine. Ni shule ya sekondari iliyoko Mufindi, mkoa wa Iringa, shule kongwe na maarufu. W. Bryant Mumford alikuwapo kweli, na mwaka 1930 aliandika makala juu ya shule hiyo katika jarida la Africa. Kila neno katika kurasa zile nne huenda lilikuwa kweli, ila lilikuwa kweli ya watu wengine. Dogo alikuwa anataka kumpelekea mwalimu wa Sumbawanga historia ya Iringa, tena akiwa amekaa Malangali yenyewe, mita chache kutoka kwa wazee walioijenga.

Nikamwambia hivi: Google haikusema kitu. Google ni mpiga debe wa stendi. Anapaza sauti "Mbeya! Tunduma! Mpanda!" na kukusukuma kwenye mlango ulio karibu. Hajui dereva kama amelala au amelewa, wala hajui kama wewe Mbeya unayokwenda ni ya mjini au unashukia njiani. Kazi ya kusoma kibao cha basi ni yako abiria.

Na mpiga debe ana nafuu. Kuna hizi programu za akili unde, kama ChatGPT iliyotoka Novemba 2022. Hizo zinafanana na yule jamaa wa kijiweni ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema "sijui". Ukimwuliza jina la kitabu atakupa, na mwandishi, na mwaka, na ukurasa, kwa Kiswahili kilichonyooka. Ukienda kukitafuta kitabu chenyewe, hakijawahi kuandikwa. Mwaka 2023 wanasheria wawili wa New York walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani hukumu sita ambazo programu hiyo ilizitunga. Hao ni watu waliosomea ushahidi! Sikatazi kuitumia. Jamaa wa kijiweni naye mara nyingine anajua. Lakini huwezi kumwandika kwenye orodha ya vitabu ulivyosoma.

Basi mtu aulize nini? Mimi nimejiwekea maswali machache. Nani kasema? Alijuaje? Alisema lini? Na je, alikuwa anazungumzia hawa, au wenye jina kama lao? Ni maswali mepesi, hata mama muuza nyanya huwauliza wanaotaka kukopa. Ajabu ni kwamba mbele ya maandishi tunayasahau.

Niliyajaribu maswali hayo juu yetu wenyewe. Nilikwenda maktaba ya chuo nikaomba chochote juu ya Ufipa. Nilitegemea kukuta radi. Nikamkuta Mwingereza mmoja, Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyekuja kukaa Ufipa miaka ya mwanzo ya 1960, nchi ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru. Aliandika sura juu ya Wafipa katika kitabu cha historia ya Tanzania kabla ya 1900, kilichohaririwa na Andrew Roberts na kutoka mwaka 1968. Mwaka 1978 akatoa mkusanyiko wa hadithi na masimulizi ya Wafipa. Mwaka 1981 akatoa kitabu kizima juu ya dola za kale za Ufipa, yaani Nkansi na Lyangalile. Humo utasoma habari za Milanzi, makao ya utawala wa kale zaidi, na za wanawake wa ukoo wa Watwa waliokuja kutoka mbali, na ukoo wao ukaushika ufalme. (Na hapa tena jihadhari na majina: Watwa hao wa kifalme si wale Watwa wa msituni wa Rwanda na Congo.)

Nilisoma kwa wivu, siwezi kuficha. Habari za babu zangu zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza, zimechapishwa ng'ambo, na mimi Mfipa nilikuwa nazisoma kwa kamusi. Lakini nilisoma pia kwa macho makavu. Alijuaje? Alikaa, alijifunza lugha, alisikiliza watu wa pande mbalimbali. Ni lini? Miaka ya 1960, kwa hiyo asiulizwe habari za leo. Ni nani? Ni mgeni, na mgeni huona vitu ambavyo mwenyeji ameshavizoea, lakini pia hufichwa vitu ambavyo mwenyeji anavijua. Kusoma hivyo si kumdharau. Ni kumheshimu mtu kama shahidi badala ya kumwabudu kama sanamu.

Halafu nikagundua jambo ambalo nataka wenzangu mlishike. Mwaka 1968 huyo huyo Willis aliandika makala juu ya Kamchape, yaani harakati za vijana waliokuwa wakipita vijijini kusafisha uchawi. Mtu anayetaka kututukana atafurahi: eti, si hata Mzungu ameandika? Lakini mwaka 1989 Willis huyo huyo, katika kitabu alichohariri pamoja na Signe Howell juu ya jamii zinazoishi kwa amani, aliandika sura inayojiuliza imekuwaje Ufipa ikawa nchi ya amani kiasi kile. Mwandishi mmoja, watu wale wale, makala mbili. Ukichukua ya kwanza ukaificha ya pili hujasema uongo hata neno moja. Chanzo unacho, mwaka unao, ukurasa unao. Na bado umewadhulumu watu. Kwa hiyo kutaja chanzo hakutoshi. Kuna uaminifu mwingine zaidi, wa kutochagua tu kile kinachokufaa.

Vilevile kuna ushahidi usiozungumza. Huko Nkasi na sehemu nyingine za Ufipa yamebaki magofu ya matanuru marefu ya udongo yanayoitwa malungu, yanapita kimo cha mtu. Wanafunzi wengi huandika tu "Wafipa walifua chuma", wakavuka. Mwanaakiolojia Mtanzania Bertram Mapunda aliandika tasnifu yake ya uzamivu mwaka 1995 juu ya kazi ya chuma kusini magharibi mwa Tanzania. Randi Barndon wa Norway naye ameandika juu ya wayeyushaji wa Kifipa na Kipangwa. Hao waliuliza wazee, wakatazama pia matanuru na mavi ya chuma yaliyoachwa chini. Ukiwasoma unajua kwamba kuyeyusha si kufua. Lungu lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Kisha chuma kikapelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, kusafishwa kwa mivukuto, ndipo mfuaji akapiga jembe. Unajua pia kwamba kabla ya malungu kulikuwa na ufundi mwingine wa matanuru mafupi, katukutu. Tazama tofauti. Bwana Wanasema ametupa radi. Waliouliza wametupa mafundi.

Na swali la "lini" lisidharauliwe. Chini ya nyanda zetu, mpakani mwa Tanzania na Zambia, kuna maporomoko ya Kalambo. Mwanaakiolojia Desmond Clark alichimba huko miaka ya 1950 akapata mbao za kale sana, lakini njia za kupima umri wake wakati ule hazikutosha. Mwaka 2019 watafiti wengine walichimba tena upande wa Zambia, na mwaka 2023 wakatangaza katika jarida la Nature kwamba magogo mawili yaliyochongwa ili yakae moja juu ya jingine yana umri wa miaka isiyopungua 476,000. Clark hakuwa mwongo. Alisema kilichoweza kusemwa siku zake. Anayenukuu kitabu cha 1960 bila kutaja kuwa ni cha 1960 ndiye anayemfanya marehemu aonekane mjinga.

Kuna watakaoniambia: dada, unasumbuka bure, wahenga walishamaliza, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo naiogopa. Nitaeleza kwa nini.

Oktoba 2016, watafiti wawili wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, walikwenda kijiji cha Iringa-Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma. Walikuwa wanachukua sampuli za udongo. Ikavuma kwamba ni mumiani, wamekuja kunyonya watu damu. Umati ukakusanyika, ukawaua wote watatu, gari likachomwa. Watu waliokwenda kuuliza ardhi ya wakulima inahitaji nini waliuawa na watu ambao hawakuuliza kitu. Lililosemwa halikuwepo. Wala halikuja. Waliokuja ni polisi na majeneza.

Tetesi za mumiani si za juzi. Zilikuwepo tangu ukoloni, kwetu, Kenya, Uganda, hata kwa jirani zetu wa Zambia, ambako wamisionari walishukiwa. Mwanahistoria Luise White aliziandikia kitabu kizima mwaka 2000. Kilichonifundisha katika kazi hiyo ni namna ya kuishika tetesi. Hakuzitupa akisema ni ujinga wa washamba, wala hakuzimeza. Alizichukua kama ushahidi, lakini ushahidi wa hofu: watu waliogopa nini, walimwonaje yule mwenye gari na karatasi na chupa. Kwa hiyo labda wahenga tuwaelewe hivyo. Lisemwalo lipo, naam, lakini kilichopo pengine ni hofu ya msemaji, si kosa la anayesemwa. Mama wa Mabibo aliniambia habari zake mwenyewe, si zangu.

Msiba ule una somo kwa upande wetu pia, sisi wenye daftari. Kijiji si maktaba ambayo unaingia tu. Mtafiti anabeba kibali. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986 na hushughulikia vibali vya utafiti. Anabeba barua ya utambulisho, anapita kwa mtendaji, anasaini kitabu cha wageni, anasalimia, anakaa, anaeleza amekuja kufanya nini kwa lugha ambayo bibi ataielewa. Wengi wetu tunaona huo ni usumbufu wa ofisini. Lakini mwenyeji naye ana haki ya kuuliza lile lile swali tunalolisifu hapa: wewe ni nani, na umetumwa na nani?

Wala msidhani mwanafunzi ni mdogo mno kwa kazi ya namna hiyo. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia pale Dar es Salaam, chini ya walimu wao kina John Iliffe na Gilbert Gwassa, walirudi makwao wakati wa likizo, wakakaa na wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Waliandika majina, vijiji, maneno. Vijana wa umri wetu, wakiwa na daftari na kalamu tu. Leo wazee wale wote wamekwisha kufa, na wanaoandika juu ya Maji Maji, hata huko Ulaya, bado wanarudi kwenye karatasi za wale wanafunzi.

Basi na dogo wa jirani? Alizikunja zile kurasa nne, akachukua daftari. Alikwenda kwa wazee watatu wa hapa hapa Malangali. Nilimfundisha mambo matatu tu: kila ukurasa aandike jina la msemaji, tarehe na mahali, maneno ya mzee yenyewe ayaweke ndani ya alama za kunukuu, na mawazo yake nje, na kabla ya kurekodi kwa simu aombe ruhusa. Mzee wa kwanza alisema alipohamia hapa palikuwa na mashamba ya mahindi matupu. Wa pili alisema hapana, nyumba zilikuwepo, ila huyo mwenzake alikuja amechelewa. Bibi wa tatu aliongea saa nzima, na alipofika kwenye habari za mipaka ya viwanja akamwambia, "Mjukuu wangu, hilo liandike, lakini jina langu usiliweke, na hicho kisimu kizime." Dogo akazima.

Alirudi amechanganyikiwa. "Dada, hawakubaliani. Niandike la nani?"

"Andika yote matatu, na useme nani kasema lipi. Kisha sema wewe unaona lipi lina nguvu, na kwa nini."

"Na la bibi?"

"Andika 'bibi mmoja mkazi wa kata'. Mwalimu akitaka jina, mwambie uliahidi."

Aliandika kurasa sita kwa mkono wake, zenye wino uliovuja. Nitawaambia matokeo yake bila kuyapamba. Alipata 13 kwa 20. Mwenzake aliyenunua kazi steshenari alipata 17, kwa sababu ilikuwa safi na haikuwa na "mkanganyiko". Dogo alinijia na daftari lake, hakulia, lakini alikuwa na uso wa mtu aliyetapeliwa, na mtapeli ni mimi. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia ukweli: kwamba wapo walimu ambao nao wanamwamini Bwana Wanasema akivaa chapa nzuri, na kwamba alama nne za kulipia uaminifu ni bei kubwa kwa mtoto wa sekondari. Nikamwambia pia kwamba yule mzee wa kwanza, aliyekuta mashamba matupu, sasa ana maneno yake kwenye karatasi, na karatasi nyingine kama hiyo mimi sijapata kuiona. Sijui kama lilimfariji. Daftari hakulitupa.

Hili ndilo linalonikera kwa wenzangu tunaotaka kuitwa waandishi. Tunapenda sana kulalamika kwamba historia yetu imeandikwa na wageni. Ni kweli, na mimi nililipia kamusi. Lakini mgeni alipanda basi la vumbi akaja akakaa. Sisi tuliozaliwa hapa tunakwenda steshenari. Ukinakili kazi ya mtu bila kumtaja umemwibia, na nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Ila wizi ulio mbaya zaidi ni ule wa kumnyima babu yako nafasi ya kuwa chanzo, ukamweka Bwana Wanasema kwenye kiti chake.

Na kumbuka, wewe unayeniletea hadithi na makala kwa ajili ya kurasa hizi, kwamba tunachoandika leo kitakuwa chanzo cha mtu kesho. Mtoto wa Laela au wa Kalambo, mwaka 2050, atakuta nakala ya kijarida hiki imechanika jalada, naye atakuwa na kazi ya shule ya kukabidhi Jumatatu. Atanakili. Mwachie basi jina la mtu, mahali na mwaka wa kuanzia. Usipokuwa navyo, mwambie wazi kwamba hukuvipata, naye atajua pa kuendelea kuchimba. Na siku kalamu yako ikitaka kuandika "inasemekana", iweke chini kwanza, vaa sweta, nenda kamwulize anayesema.